Mwaka wa Ukuta wa Nyuma

Kwenye msiba wa Fundi Shomari nilipewa chai, sikupewa mkono. Nilifika Magomeni asubuhi, nikavua viatu mlangoni, nikaingia chumba walichokaa wanawake, nikamwinamia mjane wake, Bi Saada, na kumnyooshea mkono wa pole kama afanyavyo mtu yeyote. Mkono wangu ukabaki hewani. "Wewe ndiye Italia," akasema, wala hakuwa akiuliza. Nikasema ndiye mimi. "Marehemu alisema ukija upewe chai. Hakusema tukushike mkono." Nikaletewa kikombe cha chai ya tangawizi kali, na andazi moja juu ya kisosi. Niliinywa mpaka chini kabisa kwa sababu sijawahi kuacha kitu nusu, kisha nikaaga, na hakuna aliyeniitikia. Njiani kurudi mjini nilikuwa nimekasirika, na nakiri kwamba hasira ile ndiyo inayoandika sura hii. Mtu akinidharau, nataka ijulikane amemdharau nani.

Amemdharau mwanamke aliyezifunga kuta za nyumba za kale kuanzia Bagamoyo mpaka Mikindani, ambaye wahandisi wenye digrii zao humpigia simu wakikwama, na ambaye hakusomeshwa na mtu. Nilikozaliwa na nilivyolelewa si habari ya hapa. Inatosha kusema kwamba nilikwenda Italia kumhudumia bibi kizee mmoja katika mji mdogo wa milimani, mji ambao ardhi yake hutetemeka kama mtu mwenye homa. Mchana nilimlisha na kumwogesha yule bibi, jioni nikaenda chuo cha ufundi, mwanamke pekee na Mwafrika pekee darasani, nikisomea namna ya kuzilinda nyumba za mawe zisiangushwe na tetemeko. Wapo Waitaliano waliorudia mtihani wa mwisho. Mimi sikurudia hata mmoja. Nilirudi Dar es Salaam nikiwa na miaka ishirini na tisa na stashahada yangu ndani ya bomba la plastiki, nikiwa na hakika kwamba jiji zima lilikuwa likinisubiri. Halikuwa likinisubiri hata kidogo. Nilizunguka ofisi kwa miezi, nikijibiwa kwamba hapa kwetu nyumba kuukuu hazitengenezwi, zinabomolewa, na dada kama unatafuta kazi ya usafi utuachie namba.

Ndipo nikampata Bwana Nizar, au yeye akanipata mimi. Alikuwa mzee mkimya aliyeishi Upanga kwenye fleti iliyojaa saa za ukutani, na alikuwa na nyumba Kariakoo, mitaa michache kutoka Msimbazi: ghorofa moja ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, imebanwa na majengo marefu ya vioo kama mzee aliyekaa katikati ya vijana wa disko. Bibi yake alizaliwa kwenye chumba cha juu. Ndugu zake wote walitaka iuzwe, yeye peke yake alikataa. Mwaka ule ardhi ilitikisika jioni moja, kidogo tu, kiasi cha watu wa maghorofani kukimbilia barabarani wengine na mataulo, na kesho yake nyumba ya Bwana Nizar ikaonekana ina ufa kwenye pembe, kutoka paani mpaka sakafu ya juu. Mkaguzi wa majengo akaja, akatazama, akatoa amri: iimarishwe na mtaalamu kabla ya mwaka kwisha, yeye mwenyewe arudi kuikagua, la sivyo ibomolewe. Bwana Nizar aliisoma stashahada yangu neno kwa neno, ingawa hakujua Kiitaliano. "Ikibomolewa," akaniambia, "ndugu zangu watakuombea dua njema. Ikisimama, mimi nitakutaja kila ninapokwenda kusali." Nyumba ile ilikuwa imebeba ukoo wake, na sasa ilibeba na jina langu. Sikuwa na jingine.

Fundi Shomari nilimkuta pale pale, kama mtu anavyokuta nguzo. Alikuwa mwashi kutoka Rufiji, umri wa miaka hamsini hivi, mfupi, kifua kama debe, na alikuwa akiitengeneza nyumba hiyo tangu ujana wake. Nilimwamkia kwa adabu. "Shikamoo, fundi." "Marahaba. Wewe ndiye utakayetufundisha kujenga?" Nikamjibu, "Nitawafundisha kutobomoa." Nilisema hivyo siku ya kwanza, mbele ya vibarua wake wote, na mpaka leo naliona ni jibu zuri. Yeye alikuwa ameshapanga kumwaga zege juu ya kuta, mshipi mzima wa nondo na saruji, kisha kupiga plasta ya saruji nje na ndani. Nikamweleza kwamba nyumba ya mawe hufa pale kuta zake zinapoachana, kila moja ikaenda njia yake. Na ukiitwika zege kichwani, siku ardhi ikitikisika zege hilo litazipiga kuta kama nyundo. Dawa yake ni vyuma virefu vinavyopita chini ya sakafu ya juu, kutoka ukuta wa mbele mpaka wa nyuma, kila mwisho uwe na sahani ya chuma upande wa nje, nati ikazwe kidogo kidogo mpaka nyumba nzima ishikane kama mzigo uliofungwa kamba. Na nyufa zijazwe chokaa, si saruji. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono. "Dada, hapa Bongo ardhi haitetemeki. Wanaotetemeka ni watu." Vibarua wakacheka. "Si ilitetemeka mwezi uliopita?" nikasema. "Ilijinyoosha," akajibu. Tangu siku hiyo jina langu likawa Italia, na wapiga debe wa pale nje wakaniongezea la pili, Mama Tetemeko.

Kulikuwa na desturi moja ambayo naieleza bila kuipamba. Shomari na mafundi wenzake wa nyumba za zamani hawakuanza kazi bila kile walichokiita kuiuliza nyumba. Siku ya kwanza hupikwa kahawa, huletwa kashata, na wote wanaoijua nyumba hukaa barazani: mwenye nyumba, wapangaji, majirani, na fundi yeyote aliyewahi kuigusa. Kila mmoja husema alichokifanya au alichokiona kikifanywa. Hapa palikuwa na dirisha, pale niliweka bomba, huku maji yalivuja. Fundi analazimika kutaja kazi zake mwenyewe, hata zile za aibu, na hakuna anayemcheka. Shomari aliponiambia kesho tupike kahawa, nilikuwa nimeshapoteza muda wa kutosha na watu waliokuwa wakiniuliza kama nina mume. "Nyumba haiulizwi, fundi," nikasema. "Inapimwa. Nina vipimo vyangu." Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Haya. Pima." Na mimi nikapima.

Nilihamia kwenye chumba cha nyuma cha juu ili niilinde kazi yangu. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyolala baadaye vyenye viyoyozi. Boriti za dari zilikuwa na mabaki ya chokaa ya bluu, kila boriti na mikunjo yake kama shingo ya mtu, na dirisha lilitazama kichochoro ambako harufu ya dagaa wakavu ilipigana na harufu ya ndoo mpya za plastiki. Tangu asubuhi wasukuma mikokoteni walipiga kelele, "Pisha! Mguu! Pisha!" Sakafu nilikuwa nimeifungua upande mmoja ili kupitisha vyuma, na kupitia pengo hilo nilisikia kila kitu kilichosemwa ukumbini chini, ambako mafundi walikula mchana. Walikula sinia moja, ugali na perege, wakati mwingine kisamvu, na sikukaribishwa hata siku moja. Wasomaji wetu wanajua maana yake: kwetu hata adui anayepita huambiwa karibu. Mara moja nilipata ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa kusini, nikaichemsha, nikaishusha mwenyewe na chumvi yake. Nilipopanda ngazi nikamsikia Shomari, "Mpeni paka. Kama paka atakubali." Najua utani wa makabila, nimekua nao. Ule haukuwa utani.

Siku nyingine nilikuwa nimekaa na mihogo yangu ya kukaanga na chachandu, nikatafuna polepole ili nisikie. Kibarua mmoja alikuwa akilalamika kwamba Italia anajifanya anajua sana. "Mwacheni," Shomari akasema. "Leo yuko ukuta wa mbele. Atafika ukuta wa nyuma." "Kwani ukuta wa nyuma kuna nini, fundi?" Nikasikia vidole vikilambwa. "Mimi nimeulizwa?" Wakacheka wote. Niliyasikia maneno hayo vizuri kama ninavyousikia moyo wangu sasa. Ngazi ilikuwa na vidato kumi na vinne. Ningeweza kushuka, nikasimama mbele ya sinia lao, nikasema, fundi, nakuuliza. Nimeshuka ngazi hizo mara nyingi sana kichwani tangu wakati huo. Siku yenyewe nilijiambia kwamba wananitisha, nikamalizia mihogo.

Ukuta wa nyuma, kwa upande wa chini, ulikuwa ndani ya duka la Mama Lilian, mfanyabiashara wa Moshi aliyeuza vitenge kwa jumla. Rafu zake ziliuziba ukuta wote, kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti. Nilikwenda kumwomba atoe mzigo niweze kuugonga ukuta, maana kwa kuugonga tu, kwa nyundo ndogo, unasikia palipo pazima na palipo patupu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake chini ya rafu, akikata vocha ya simu kwa jino. "Nitoe mzigo? Mwezi huu?" akasema. "Mwezi wa kumi na mbili nauza mpaka kitambaa cha kufutia meza, halafu nifunge fremu ili wewe ugonge ukuta? Gonga kichwa chako." Wateja wakaangua kicheko. Mlangoni nilimwona Shomari ameegemea, anatabasamu. Nikatoka. Niligonga ukuta wa mbele, nikagonga za pembeni, nikagonga ule wa nyuma upande wa juu, kote sauti ilikuwa nzuri, nene, ya jiwe. Kisha nikakaa kitandani na fomu yangu ya ukaguzi, ile niliyoitafsiri mwenyewe kutoka chuoni, na kwenye mstari wa ukuta wa nyuma, chini, nikatia alama ya vema. Kwa wino.

Vyuma vilikuwa vinne. Viwili vya kwanza vilikazwa vikatulia, na ufa wa pembeni ukafunga mdomo wake kiasi cha Bwana Nizar kuupapasa kwa kidole na kulia. Cha tatu nilikikazia upande wa kichochoroni, juu ya ngazi, spana mkononi, Shomari akiwa ameishika ngazi chini. Kazi hii huendi kwa nguvu, unakwenda robo mzunguko, unasubiri, robo tena. Kwenye robo ya nne niliiona sahani ya chuma ikizama kidogo ukutani, na kukasikika sauti kama mtu anatafuna barafu. "Acha," Shomari akasema. Hakupiga kelele, alisema tu. Mimi nilisikia amri. Nilikuwa nimeamriwa na kila mtu tangu nilipotua uwanja wa ndege, na huyu alikuwa kibarua wangu. Nikazungusha robo nyingine. Ngazi ikayumba kwa sababu aliyekuwa ameishika hakuwepo tena. Alikuwa anakimbia kuzunguka nyumba, na kwa umri wake sikuwahi kumwona akikimbia.

Nilipofika dukani vumbi la chokaa lilikuwa limejaa kiasi kwamba taa ilionekana kama yai. Rafu moja ilikuwa imelala, vitenge vimefunguka sakafuni, na juu ukutani palikuwa na shimo lenye umbo la mlango mdogo. Kutoka ndani ya shimo lile yalimwagika maboksi, magunia yaliyooza, magazeti ya zamani. Kilikuwa kidaka, shubaka walilokata wajenzi wa kale ndani ya ukuta ili kuweka taa na vitabu vya dini. Mpangaji fulani wa zamani alitaka ukuta ulionyooka wa kuwekea rafu, akamwita fundi kijana akizibe, na fundi yule badala ya kujenga kwa mawe akashindilia maboksi na kupaka plasta juu yake. Mama Lilian alikuwa nje, amesukumwa na Shomari mpaka barabarani, mzima, amepoteza kiatu kimoja. Fundi Shomari alikuwa chini ya mawe kuanzia gotini. "Niliambiwa nizibe, nikaziba," akaniambia, uso mweupe kwa chokaa. "Nilikuwa kijana." Nikamuuliza, kwa kelele, mbona hakusema. "Ungepika kahawa," akasema, "ningesema." Tukamtoa, akapelekwa hospitali kwa bajaji, na mguu ule haukunyooka tena. Mwashi asiyeweza kupanda ngazi si mwashi.

Mama Lilian alimpelekea supu kila siku alizolazwa. Nasema hivi kwa sababu ya kilichofuata.

Mkaguzi alirudi wiki tatu baadaye. Tulisimama dukani: yeye na faili lake, Bwana Nizar, ndugu zake wawili waliovaa kama watu wanaokwenda harusini, Mama Lilian kwenye kigoda, na Shomari juu ya magongo, amekuja bila kuitwa. Mkaguzi alilitazama shimo, akazitazama sahani za chuma, akasema vyuma ni kazi nzuri. Kisha akaifungua fomu yangu. "Hapa umeandika ukuta wa nyuma, chini, umekaguliwa. Ulikaguliwa?" Bwana Nizar alinigeukia na macho ya mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Nilielewa kila kitu kwa mara moja. Nikisema hapana, mstari mmoja wa uongo unaiua fomu nzima, fomu inawaua wote walioiamini, na nyumba inabomolewa kabla ya Pasaka. "Ulikaguliwa," nikasema. "Muongo!" Shomari akasema. "Kidaka niliziba mimi, nikanyamaza. Hilo ni langu, liandike. Lakini huyu hakuugonga ukuta ule hata kwa kidole. Muulize mwenye duka."

Mkaguzi akamgeukia Mama Lilian. "Mama, ulitoa mzigo wako akagonga?" Mama Lilian alimtazama Shomari, akautazama mguu wake. Kisha akazitazama rafu zake, ile iliyoanguka na zile zilizosimama, na mlango unaofungukia mtaa ambao watu husubiri miaka kupata fremu. "Nilitoa," akasema. "Wote. Akagonga. Siku nzima alinipotezea." Nilijua kusema uongo, nilikuwa nimeusema sasa hivi, lakini sikuwa na ufundi wa kuongezea ile siku nzima. Shomari hakunitazama mimi. Alimtazama yeye. "Mama Lilian," akasema, jina tu, kama mtu anayemwamsha mwenzake. Yeye akainama kutafuta kitu chini ya kigoda ambacho hakikuwepo. Mkaguzi akaandika kwamba chanzo ni kasoro iliyofichwa na fundi mwashi kwa makusudi, na kazi iendelee. Habari ile ilizunguka Kariakoo kabla wino haujakauka. Hakuna mwenye nyumba ya kale aliyemwita Shomari tena, hata kwa kazi ya chini, ya kukaa.

Nyumba imesimama. Ardhi imetikisika tena zaidi ya mara moja tangu wakati ule, na haikudondosha hata vumbi. Wanafunzi huletwa kuziona sahani zangu pale kichochoroni, na Bwana Nizar alinitaja mpaka alipokufa. Watu husema kama ningesema ukweli jiji lingepoteza nyumba na nchi ingenipoteza mimi, na mimi huwaacha waseme, kwa kuwa ni kweli. Lakini hao hawakuwepo mchana ule, baada ya wote kuondoka.

Nilimwambia Mama Lilian asante. "Usinishukuru," akasema. "Nimeisemea fremu yangu." Kisha, bila kuombwa, akafunga mlango wa duka, akapanda juu ya kigoda, akaanza kushusha mzigo wake. Jora kwa jora, rafu kwa rafu, akapanga vyote sakafuni, jasho linamtiririka, mpaka ukuta wa nyuma ukabaki uchi, kwa mara ya kwanza pengine tangu Shomari alipoupaka plasta. Nikachukua nyundo yangu ndogo nikaanza mlangoni. Pazima. Pazima. Pazima. Kisha sauti ikabadilika, ikawa kama ya debe tupu, usawa wa kichwa changu. Nikapima kwa mkono, nikaendelea, na hatua mbili mbele ikabadilika tena. "Kuna nini?" Mama Lilian akauliza nyuma yangu. Nikagonga mara ya pili, taratibu, asikie mwenyewe. Alikaa juu ya majora yake na kujifunika uso kwa upindo wa kitenge. Mtu pekee aliyejua vidaka vile vilikuwa vingapi na kila kimoja kilipo alikuwa anarudi Magomeni kwa magongo, na hatukuwa na uso wa kumfuata. Nikaendelea kugonga.